Makubadhi ya Maalim

Aliyetuletea mbwa nyumbani ni mwizi. Usiku mmoja wa Machi, hapa Mtongwe, Likoni, aliruka ua, akavunja komeo la jiko la nje, akaondoka na mtungi wa gesi, sufuria mbili na leso zilizoachwa kwenye kamba. Asubuhi mume wangu alisimama mbele ya nafasi tupu ya mtungi akasema neno moja tu: "Mbwa."

Neno hilo lilizua kikao cha siku nzima. Watoto walishangilia. Mama mkwe, Mrabai aliyekua na mbwa wa kuwinda wa babake, alisema hana neno mradi mnyama asivuke kizingiti. Fikira zangu mimi zilikuwa nje ya ua. Mkono wa kulia wa nyumba yetu anakaa maalim wa madrasa, na kijia kinachopita ubavuni mwetu ndicho njia ya watu kwenda msikitini mara tano kwa siku. Sisi ni Wakristo. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi katika pwani hii. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa wa kulinda, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa. Lakini mtu aliyekwisha kutawadha, akirambwa kanzu njiani, hana budi kurudi kuosha au kubadili nguo kabla ya kuswali, na huenda swala ya jamaa ikampita.

Kwa hiyo sharti langu lilikuwa moja: kabla mbwa hajaja, twende kwa jirani. Jioni ile mimi na mume wangu tulikaa barazani kwa maalim. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza mbwa atalala wapi na geti linafungwaje, kisha akasema: "Nyumba yenu mwailinda, na hiyo ni haki yenu. Haki yangu mimi ni njia. Mkiniwekea njia yangu safi, hatuna neno." Yote tuliyomfundisha mbwa baadaye yalitoka katika kauli hiyo.

Kisa cha kapu

Mwenzangu wa kazini anayekaa Mikindani, upande wa Changamwe, alikuwa na jike lililozaa. Tulingoja watoto wafikishe wiki nane, kwa sababu kabla ya hapo mtoto wa mbwa bado anafundwa na mama na ndugu zake. Akimuuma mwenziwe kwa nguvu mchezoni, mwenziwe hupiga kelele na kumwacha peke yake, naye hujifunza kupima meno. Anayeondolewa mapema hulikosa somo hilo, na wanaoumia ni watoto wa nyumba anayokwenda.

Siku ya kumchukua mvua ya masika ilikuwa inanyesha, na upepo wa kusi ndio kwanza umeanza. Mwanangu wa kiume alitandika leso kuukuu ndani ya kapu la ukili, akamlaza kijibwa, tukapanda matatu. Njia nzima alilala. Mambo yaliharibika kwenye feri. Mtembea kwa miguu halipi nauli pale Likoni, na saa za jioni watu husimama bega kwa bega. Honi ilipolia, kapu nalo likalia. Kifuniko kikainuka, pua nyeusi ikatokeza shubiri moja tu kutoka kanzu nyeupe ya mzee mmoja. Mzee akarudi nyuma, wa nyuma yake naye akarudi, na kusukumana kukafika hadi kwa kijana wa mkokoteni wa madafu. Madafu mawili yakaviringika chini ya miguu ya watu. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya mahamri akamwambia mwanangu, "Mpe anuse kitu cha mamake, mwanangu." Mwenzangu alikuwa ametupa tambara la pale walipozaliwa. Tuliliweka juu ya kichwa cha kijibwa, naye akanyamaza mpaka ng'ambo. Mwanangu aliyaokota madafu, akamwomba mzee radhi, na mzee akampa mkono.

Jina lilitafutwa usiku huohuo. Mwanangu, shabiki wa Liverpool, alitaka kumwita kwa jina la mshambuliaji wao Mmisri. Nilimkataza palepale: jina la binadamu, tena la Mwislamu, halipewi mbwa likapigiwa kelele uani kila jioni huku majirani wanasikia. Mama mkwe alipendekeza jina la mafumbo la kumpasha mwizi habari, kama wengi wanavyofanya, lakini mafumbo hayachagui sikio, na jirani asiye na kosa angeweza kudhani ndiye anayesemwa. Tukamwita Kusi, kwa upepo uliomleta. Lilikuwa jina fupi, la silabi mbili, tena halifanani na amri yoyote tuliyokusudia kumfundisha.

Kisa cha adhana

Usiku wa kwanza Kusi alilia kwa upweke mpaka mume wangu akachukua mkeka akalala jikoni kando ya sanduku lake. Kulipokaribia kupambazuka alikuwa amenyamaza. Saa kumi na moja ikafika, mwadhini akaanza, na Kusi akainua shingo akatoa mlio mrefu wa kuitikia. Mwadhini alipovuta sauti, naye akavuta. Nilitoka chumbani mbio. Mama mkwe alikuwa amekwisha kushika ufagio.

Mume wangu alimzuia, na ninamshukuru mpaka leo. Mbwa ametokana na mbwa-mwitu, na mbwa-mwitu huitana kutoka mbali kwa sauti ndefu. Akisikia sauti ya kuvutwa, iwe ya adhana, ya king'ora au ya honi ya meli bandarini, kitu cha kale ndani yake huitikia. Angepigwa ufagio kila alfajiri, angejifunza kwamba sauti ile huja na maumivu, na kilio kingezidi.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyepata dawa. Alikuwa amesoma shuleni habari za Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Pavlov aliona kwamba mbwa akizoea kusikia ishara fulani kabla ya chakula, mate humtoka kwa ishara peke yake, hata chakula kisipoletwa. Basi binti akawa anaamka kabla ya alfajiri. Spika ya msikitini ikianza tu kukwaruza, anatawanya dagaa waliochemshwa bila chumvi juu ya gunia, na Kusi anashughulika kunusa na kutafuna mpaka adhana iishe. Kijibwa anayetafuta dagaa kwa pua hana nafasi ya kulia. Haukupita muda mrefu, spika ikikwaruza alikwenda mwenyewe kwenye gunia akangoja kimya. Maalim alituambia ameona mabadiliko. Alikuwa amesikia kilio cha siku zile za mwanzo, na hakusema neno mpaka kilipokwisha.

Kisa cha mkeka

Mvua za Aprili na Mei zilitupa kazi nyingine. Kusi hakutaka kukanyaga uani palipolowa. Mwisho wa wiki moja wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali kwetu, na mama mkwe akatandika mkeka wake wa miyaa uliosukwa Rabai, ule wa wageni. Katikati ya sala Kusi aliponyoka jikoni, akavuka kizingiti alichokatazwa, akazunguka, akanusa, akachutama palepale katikati ya mkeka. Sala iliendelea. Mama mkwe alifumbua jicho moja, akalifumba tena, nami nilijua kikao kingine kinakuja.

Alitaka pua ya kijibwa isuguliwe kwenye mkojo, kama ilivyofanywa zamani. Lakini mbwa huunganisha tendo na kile kinachofuata papo hapo. Adhabu ikija dakika chache baadaye, haijui ni ya nini. Anachojifunza ni kumwogopa mtu, na siku nyingine atakojoa mafichoni, nyuma ya kabati. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Kadirio la kawaida ni kama saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Basi tukagawana zamu: akiamka anatolewa, akila anatolewa, akimaliza kucheza anatolewa, daima mahali pamoja, chini ya mwarobaini. Mvua ikinyesha, mume wangu alisimama pale na mwavuli, akimkinga Kusi huku yeye mwenyewe analowa. Kusi akimaliza, palepale alisikia "Vyema!" na kupata dagaa mmoja. Ndani, kila palipoharibika palifutwa kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa kuwa mbwa hurudi panaponuka. Mkeka ulioshwa, ukaanikwa, ukarudi kwa wageni, na haukuharibiwa tena.

Kisa cha neno moja

Alipokuwa na miezi mitatu hivi tuligundua kwamba Kusi hasikii amri, na sababu haikuwa masikio. Mume wangu alimwambia "Kaa!" Mimi nilisema "Keti!" Binti alimwamuru kwa Kiingereza cha shule. Mtoto wetu mdogo, aliyelelewa na majirani wa hapa, alimwambia "Kaa kitako!" Mama mkwe alisema "Sagala!" kwa Kirabai. Kijibwa alikuwa akitazama midomo mitano inayosema jambo moja kwa njia tano, kisha anachagua kulala.

Tuliketi sote mezani. Mume wangu alitetea "kaa," tukamwonyesha kwamba ndilo neno analolitumia pia kumwambia mbwa abaki mahali. Mama mkwe, ambaye nilidhani angepigania lugha yake, ndiye aliyekata shauri: "Chukueni 'keti.' Fupi, na halina mwenziwe." Binti akaandika orodha, akaibandika kwenye friji: Keti, Njoo, Lala, Acha, Ngoja. Jina lake kwanza, kisha neno, mara moja tu, bila kupayuka. Likirudiwa mara kumi, mbwa hujifunza kwamba mara tisa za mwanzo hazina maana.

Kufundisha kwenyewe ni kazi ya subira ndogondogo. Dagaa anashikwa mbele ya pua, kisha anapandishwa polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikifuata juu, makalio hushuka yenyewe. Yanapogusa chini tu, "Vyema!" na dagaa. Kwa kulala, dagaa anashushwa hadi sakafuni katikati ya miguu ya mbele. Kila somo lilikuwa la dakika chache, kabla ya chakula, alfajiri au jioni, kwa sababu joto la mchana la Mombasa humchosha mbwa haraka na lami humchoma nyayo. Chakula cha mezani tulikikataza, pilau kuliko vyote: vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hukatika vipande vyenye ncha.

Umri huo pia ndio wa kumwonyesha dunia. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi wiki kumi na nne hivi, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi ambao hataupata tena. Asiyemwona mtu wa kanzu, mwanamke wa buibui, tuktuk au kundi la watoto katika muda huo, huja kuwaogopa ukubwani, na mbwa mwenye hofu huuma. Kila alasiri watoto wa madrasa walipita kijiani kwetu, wengine wakirusha mawe, wengine wakikimbia kwa mayowe. Nilikwenda tena kwa maalim. Yeye akawapanga wanafunzi wake wasimame mbali, mikono chini, bila kukimbia wala kumkodolea macho mbwa, huku binti yangu akimpa Kusi dagaa kila alipowatazama kwa utulivu. Hakuna aliyeguswa. Watoto walijifunza kutomkimbia mbwa, na Kusi akajifunza kwamba mtoto mwenye juzuu mkononi si kitu cha kubwekea.

Maalim aliomba jambo moja: aone cheti cha chanjo. Tulimpeleka Kusi kwa daktari wa mifugo akiwa na miezi mitatu, akachanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo hapa hurudiwa kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kenya imejiwekea mpango ulioanza mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa. Siku hiyo maalim aliwafundisha wanafunzi wake somo ambalo kila mtoto anafaa kulijua: ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, mwambie mzazi, na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kisa cha makubadhi

Mtoto wa mbwa ana meno ishirini na manane ya utotoni. Kuanzia mwezi wa nne hivi huanza kung'oka, na mahali pake huota arubaini na mawili ya ukubwani. Ufizi huwasha, na kila kitu hutafunwa. Kwetu zilikwenda ndara tatu, mpini wa mwiko na pembe ya mto.

Ijumaa moja mwishoni mwa Juni mchuuzi wa maji alileta mitungi kwa mkokoteni, na geti likabaki wazi. Maalim alikuwa amekwisha kutawadha, amevua makubadhi yake mapya ya ngozi kwenye ngazi ya baraza, akaingia ndani kuchukua kofia. Kusi alitoka, akanusa ngozi, akabeba kubadhi moja.

Wanangu walimwona, wakamkimbilia. Kwake huo ulikuwa mchezo, akatimka. Akapita chini ya kamba ya nguo za jirani na kuondoka na kona ya shuka, akakata mbele ya mama anayeuza viazi karai, beseni la unga wa dengu likapinduka, akarudi kijiani ambapo watu wa kwanza walikuwa wanaelekea msikitini. Wakajibanza ukutani, wakikusanya kanzu magotini. Watoto walivyozidi kumfukuza ndivyo alivyozidi kuruka.

Mama mkwe alitoka jikoni na bakuli la bati. "Simameni nyote!" Watoto wakasimama. Akawapa mgongo, akaanza kutembea kurudi nyumbani huku akiligonga bakuli. Akaita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Kusi, njoo." Kusi alimtazama yule asiyemfukuza. Akageuka, akamfuata hadi ndani ya geti, kubadhi mdomoni. Mwanangu, akihema, aliinua mkono ampige. Bibi yake akaushika. "Umemwita, amekuja. Ukimpiga sasa, kesho hatakuja." Akanyoosha dagaa watatu, akasema, "Acha." Kusi akafungua mdomo. Kubadhi likaanguka, ukanda wake umekatika vipande viwili.

Maalim alikwenda kuswali na ndara za kukopa. Baada ya swala tulimwendea sote, watoto kwa wakubwa, kumtaka radhi, na mume wangu akaahidi jozi mpya, akainunua Mji wa Kale kesho yake. Yule mama wa viazi karai alilipwa unga wake, na mwenye shuka alipewa shuka. Maalim alitukaribisha kahawa. Kisha akawasimulia wanangu hadithi ya Mtume inayojulikana sana, ya mtu aliyeona kiu njiani, akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Mtu yule akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akapanda nacho akikishikilia kwa meno, akamnywesha mbwa, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kiatu hakikupotea thamani kwa kumpa mbwa maji," alisema maalim. "Lakini geti, tafadhali, lifungeni."

Geti lilitiwa springi na komeo la kujifunga siku ileile. Tangu hapo somo letu kubwa limekuwa "Ngoja." Geti likifunguliwa, Kusi huketi ndani ya mstari tuliouchora sakafuni, na hatoki mpaka aambiwe "Haya." Tulianza kwa muda wa pumzi moja, tukaongeza kidogokidogo, kwanza uani kukiwa kimya, kisha watu wakipita, mwishowe Ijumaa mchana kijia kikiwa kimejaa. "Acha" nayo tuliikazania: kila anachokiachilia hupata kilicho bora zaidi, kwa hiyo haoni hasara kutii. Sasa ni mbwa mzima, analinda uani usiku, na mtungi mpya wa gesi uko mahali pake.

Watu wakituuliza tumewezaje, sisi hutaja dagaa, hutaja subira. Hivyo ni vyombo vya kazi tu. Kusi amejua kuketi kwa sababu kuna mtu anayepita na kanzu safi ambaye ana haki ya kufika nayo msikitini ikiwa safi, na haki hiyo ilikuwako kabla mbwa hajazaliwa. Anayetaka kufuga mbwa katika mitaa yetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, anunue bakuli na kamba baadaye. Kwanza aende kwa jirani, akae barazani pake, amuulize njia yake ni ipi. Akishajua hivyo, ajue pia amri ya kwanza ya kumfundisha mbwa wake.